Jembe, kaye na barua: mtaa haujengwi na salongo peke yake



Kila mara tunapoitisha mkutano wa mtaa, kabla hata ya kufungua, sauti mbili zinasikika. Ya kwanza inasema: « Ile kazi ni ya Leta. Juu ya nini tufanye bure kazi ya watu wenye wanalipwa? » Ya pili inajibu: « Leta iko wapi? Tujipange sisi wenyewe, tuache kulalamika. » Watu wanabishana saa nzima, mvua inafika, kila mtu anakimbilia kwake, na kanivo inabaki imejaa vile ilikuwa jana.

Sisi tunaona kila moja ya hizi sauti iko na nusu ya ukweli. Shirika la mtaa lenye linafanya kazi ya mikono tu, mwishowe linakuwa kibarua wa bure wa Leta. Shirika lenye linalalamika tu linakuwa redio: linasikika, halafu mtu anazima. Mtaa wenye unataka kubadilika unahitaji vitu vitatu kwa pamoja. Jembe, kwa kazi yenye mikono yetu inaweza. Kaye, ili kila franga ionekane. Barua, ili Leta isiseme siku moja kwamba haikujua. Kimoja kikikosekana, hivi vingine viwili vinakufa pole pole.

Chupa ya Kadutu na umeme wa Ibanda

Tuanzie hapa kwetu Bukavu, juu ni mji wenye unafundisha vizuri. Tuko na komine tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, zote zimejengwa kwenye vilima juu ya Ziwa Kivu. Maji ya mvua hapa hayana kuchagua: yanashuka. Yakishuka yanabeba udongo wa vilima vyenye tumekata miti yote, yanabeba mifuko, majani ya ndizi, chupa za plastiki, yanaingia mto Kawa, na Kawa inapeleka vyote ziwani.

Na ziwa hili liko na mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi. Kwenye huo mto kuna kituo cha umeme cha Ruzizi ya kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Takataka za mji zinasafiri juu ya maji mpaka pale, zinajikusanya mbele ya kituo, zingine zinaingia na kuziba mashine. Wafanyakazi wanapaswa kuzitoa, mashine inasimama, na sisi tunabaki gizani tunatukana SNEL. SNEL iko na mambo mengi ya kujibu, tutayarudilia siku ingine. Lakini chupa ilianzia wapi? Ilianzia kwenye kanivo ya mtaa.

Kwa hiyo mtu wa Muhumba hawezi kusema « ile ni takataka ya Kadutu », na mtu wa Kadutu hawezi kusema « umeme ni mambo ya watajiri ». Tunakunywa, tunawasha na tunaoga kwenye maji yale yale.

Kuna amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 yenye ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Nenda leo kwenye soko lolote, nunua nyanya za franga 500, angalia utapewa ndani ya nini. Sheria yenye haina watu wa kuifuata kwenye mtaa inabaki karatasi ya Kinshasa.

Kifungu cha 15, ile ya kweli na ile ya uongo

Sisi Wakongomani wote tunajua « kifungu cha 15 »: mujipange. Tunakisema tukicheka. Umeme hakuna? Kifungu cha 15. Barabara imekatika? Kifungu cha 15. Wazazi wetu walitufundisha hivyo, na kweli kimetusaidia kuishi.

Lakini fungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, usome kifungu cha 15 chenyewe. Hakisemi mujipange. Kinasema mamlaka ya nchi ina wajibu wa kuhakikisha ukatili wa kijinsia unakwisha. Yaani kifungu cha 15 cha kweli kinaipa Leta kazi, wakati kile cha uongo chenye tumekariri tangu utoto kinaiondolea kazi zote. Ile mzaha inafaidisha nani?

Na haiko peke yake. Kifungu cha 48 kinasema haki ya nyumba yenye heshima, ya maji safi ya kunywa na ya umeme imehakikishwa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na papo hapo kinaongeza kwamba ana wajibu wa kuyalinda. Angalia vizuri hicho cha 53: haki na wajibu vimeandikwa pamoja, kwenye kifungu kimoja. Hapo njo shirika la mtaa linasimama. Mguu mmoja kwenye wajibu, mguu mwingine kwenye haki.

Jembe: kazi yenye mikono yetu inaweza

Salongo tunaijua. Wazee wetu waliifanya kwa lazima wakati wa Mobutu, na ndiyo sababu wengine wakisikia lile neno wanafunga mlango. Wengine wanavuka mpaka, wanaona umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi kule Rwanda, wanarudi wakisema « ng'ambo kuko safi, sisi tuko wachafu kwa kuzaliwa ». Hatukubali. Hakuna mtu anazaliwa mchafu. Kinachokosekana ni mpango, na mpango unaweza kufanywa bila fimbo na bila faini.

Mpango unaanza na kalenda. Mvua zetu zinaanza Septemba mpaka Mei. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Basi kazi kubwa ya kanivo inapaswa kumalizika Agosti. Kusafisha Novemba, maji yakiwa tayari ndani ya nyumba ya mama mjane, ile ni kuzima moto paa likiwa limekwisha kuanguka.

Halafu swali lenye karibu hakuna mtu anauliza: udongo utaenda wapi? Tumeona salongo nyingi ambapo vijana wanatoa tope asubuhi yote, wanaliweka pembeni ya kanivo, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kazi ya siku nzima imerudi mahali pake kwa dakika kumi. Kabla ya kuita watu, komite ijue: tope litabebwa na nani, kwa nini, mpaka wapi. Kama hakuna pa kulipeleka, tuanze kutafuta pa kulipeleka. Jembe litangoja.

Kazi ingine ya mikono: njia. Kwenye mitaa mingi ya Kadutu, aveni yenye zamani gari ilipita, leo hata jeneza linapita kwa shida. Mtu ameongeza chumba, jirani ameongeza kibaraza, wa tatu ameweka duka. Nyumba ni za mbao, zimeshikana, paa za manjanja zinagusana. Siku moto unawaka, gari la kuzima moto linabaki kwenye barabara kubwa, na watu wanapigana na moto na ndoo. Kila mwaka tunahesabu nyumba zilizoungua, tunachanga nguo, tunasahau. Shirika la mtaa linaweza kukaa chini na wenye nyumba, kupima njia kwa kamba, kukubaliana mita ngapi zitabaki wazi, na kuandika makubaliano hayo na majina. Ni kazi ya maneno mengi na uvumilivu. Haihitaji franga hata moja.

Kaye: hapo njo mashirika yanafia

Tuseme wazi kitu chenye watu wanasema pembeni tu: mashirika mengi ya mitaa hayauliwi na Leta. Yanauliwa na franga 1000.

Tuseme aveni iko na nyumba 60, na kila nyumba inatoa franga 1000 kwa mwezi. Ni franga 60 000, haifiki hata dola 30. Ni kidogo sana, lakini inatosha kuvunja urafiki wa miaka kumi. Mwezi wa kwanza watu 50 wanalipa. Mwezi wa pili mtu anauliza « zile za kwanza zilinunua nini? », rais wa komite anakasirika, « unaniita mwizi? ». Mwezi wa tatu wanalipa watu 12. Mwezi wa nne hakuna shirika tena, imebaki paka grupu ya WhatsApp yenye watu wanatuma matangazo ya harusi.

Angalia bamama wa AVEC, wenye wanaweka akiba kila wiki kwenye mitaa yetu. Wanafanya namna gani? Sanduku liko na kufuli zaidi ya moja na funguo ziko kwa watu mbalimbali. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kila mtu anajua kiasi kilichokuwemo mkutano wa mwisho. Hakuna mtu anaitwa mwizi kwa sababu hakuna mtu anabaki peke yake na pesa. Ile hekima iko tayari kwenye mtaa, bure, na wanaume wa komite wanapita mbele yake kila siku wakienda kutafuta « mafunzo ya usimamizi » kwa mashirika ya kigeni.

Basi tunapendekeza sheria tano tu, zenye mtoto wa darasa la sita anaweza kuzielewa:

1. Mwenye kupokea pesa si mwenye kuandika, na mwenye kuandika si mwenye kununua. Watu watatu, na wasitoke nyumba moja.

2. Kila mwezi kaye inasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya kila mtu, na ukurasa wa mwezi unabandikwa kwenye ukuta wenye watu wanapita. Mtu asiyelipa naye ana haki ya kusoma.

3. Mpangaji ni mtu wa mtaa. Kwenye mikutano mingi wenye nyumba njo wanaamua, wapangaji wanaitwa siku ya jembe tu. Mwenye anakunywa maji ya mtaa, anatembea kwenye tope lake na kulala chini ya mlima wake, apige kura.

4. Komite inakaa mwaka mmoja, inaweza kurudi mara moja, basi. Hatuwezi kuandamana juu ya wakubwa wenye hawataki kuachia kiti, halafu rais wa aveni yetu anakaa miaka tisa.

5. Bamama na wasichana wasiwe wafagizi na wapishi wa salongo tu. Wao njo wanaamka saa kumi ya usiku kutafuta maji na bidoni mgongoni. Wanajua bomba gani linatoka na saa gani. Mtu mwenye anajua tatizo akae kwenye meza yenye inaamua.

Tunaongeza neno juu ya kabila. Mji wetu umejaa mutualite, kila moja na watu wake, matanga yake, viongozi wake. Hatuzipigi vita, zinazika wafu wetu. Lakini shirika la mtaa ni kitu kingine: linakusanya watu kwa sababu wanakaa pamoja. Kanivo ikifurika haiulizi unatoka wapi. Siku komite itaanza kuhesabu makabila kabla ya kuhesabu nyumba, ijue imekwisha kufa.

Na wakati wa uchaguzi utakapofika, watakuja watu na simenti mifuko kumi, na mipira, na mashati yenye picha zao. Pokeeni simenti, muiandike kwenye kaye kama zawadi nyingine yoyote, na jina la mtoaji. Lakini ukuta wa mtaa usipakwe rangi ya chama, na kiti cha komite kisikodishwe.

Barua: kazi yenye mikono yetu haiwezi

Rudia hesabu ya juu. Franga 60 000 kwa mwezi, tena kama wote wamelipa. Kwa ile pesa unanunua majembe, mifuko, taa mbili za mtaa. Haijengi ukuta wa kushika mlima. Hainunui kabini ya umeme. Haiweki bomba kubwa la maji, haijengi daraja juu ya Kawa. Mwenye anawaambia raia wachange kwa ajili ya vitu hivyo anawadanganya, hata kama ana moyo mzuri.

Vitu hivyo viko na pesa yake, nayo ni yetu. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe pale pale chanzoni. Sheria ya mwaka 2008 juu ya utawala wa miji, komine, sekta na sheferi inasema kwamba kwenye fungu hilo la jimbo, 40% inapaswa kushuka mpaka kwenye ngazi hizo za chini. Tangu zimeandikwa, pesa hiyo imekuwa ikifika kidogo, kwa kuchelewa, au haifiki. Burgumestre akikuambia « komine haina pesa », anaweza kuwa anasema ukweli. Lakini muombe jibu lile aliandike, na kiasi alichopokea, ili mtaa ujue mlango gani wa kugonga baadaye. Kartie yenyewe haina bajeti yake. Shefu wa kartie anapeleka ripoti juu, hana sanduku. Kumtukana yeye kwa ajili ya daraja ni kumkosea. Mpelekee barua, umuombe aweke muhuri, aisindikize. Shefu mzuri atafurahi, juu mnampa nguvu mbele ya wakubwa wake.

Na hapa tuko na silaha yenye karibu hakuna mtu anaitumia. Kifungu cha 27 cha Katiba: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka ombi la raia, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna mtu anaweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Miezi mitatu! Si « tutaona », si « rudi wiki ijayo ».

Kwa hiyo barua ya mtaa iandikwe hivi. Jambo moja tu kwa barua moja: ukiweka maji, umeme, barabara na usalama ndani ya karatasi moja, kila ofisi itasema haimhusu. Mahali kwa usahihi: kartie, aveni, kati ya nyumba gani na nyumba gani. Kile mtaa umekwisha kufanya wenyewe, na kurasa za kaye kama ushahidi. Kile kinachoombwa, kwa maneno ya kawaida. Vifungu vya 27, 48 au 53. Majina na sahihi za watu wa mtaa, wengi iwezekanavyo. Nakala mbili, moja inabaki na muhuri wa kupokea na tarehe. Bila muhuri, hamjapeleka barua, mmepeleka karatasi.

Kisha andikeni kwenye ukuta, kando ya ukurasa wa kaye: « Barua imepokelewa tarehe fulani. Jibu linangojewa mpaka tarehe fulani. » Watoto wakienda masomoni watahesabu siku. Miezi mitatu ikipita kimya, kifungu cha 26 kinaturuhusu kuandamana kwa amani tukiwa tumejulisha mamlaka kwa maandishi. Siku hiyo tutakwenda na jembe, kaye na nakala yenye muhuri. Ni vigumu kumuita muhuni mtu mwenye amebeba hivyo vitatu.

Kwa wale wenye wanasema « tutakula nini? »

Tunawasikia. Kijana mwenye hana kazi, mwenye anashinda kwenye moto wa kukodi ili apeleke franga 5000 nyumbani, ukimuomba Jumamosi yake unamuomba chakula. Hatutamdanganya kwamba kanivo safi itamlisha. Ndiyo maana tunasema kazi ya jembe iwe ya saa mbili, si ya siku. Mwenye hawezi kuja aseme, asitozwe faini. Tumeona faini za salongo zikichukuliwa kwa wauzaji wadogo bila karatasi yoyote: ile ni wizi tu, hata ikifanywa asubuhi. Na ndiyo maana tunadai kwamba kazi kubwa za umma zikija kwenye mtaa, vijana wa mtaa huo waajiriwe na walipwe, na orodha ya waliolipwa ibandikwe kwenye ukuta kama kaye yetu.

Basi tunaomba kila mmoja wenu kitu kimoja wiki hii. Usiunde shirika jipya lenye jina refu. Uliza kwanza kama aveni yako iko na komite. Kama iko, nenda uombe kuona kaye, kwa heshima, « papa, mama, tunaomba tusome pamoja ». Kama haiko, ita majirani kumi, wapangaji ndani, nunueni kaye ya franga 1000, na mwandike kwenye ukurasa wa kwanza majina ya waliokuwepo na kitu kimoja mtakachofanya kabla ya mvua za Septemba. Ukurasa wa pili uwe rasimu ya barua.

Kanivo zetu ziko wazi. Kiangazi ni miezi mitatu. Jibu la Leta nalo ni miezi mitatu. Tuanze kuhesabu.